Maharage Jikoni, Riwaya Mkononi

Watu wanaonifahamu huniuliza maswali mawili, na mara nyingi anayeanza na la kwanza humalizia na la pili. Unakula nini basi, kama huli nyama, samaki, mayai wala maziwa? Na hivyo vitabu unavisoma saa ngapi, wakati kazini unatoka jioni, foleni ya Buguruni iko palepale, na watoto wanakusubiri uwapikie? Ninakula vitu vinavyochemka taratibu, na ninasoma vikiwa vinachemka. Mpango wenyewe ndio huo. Hapa ninamweleza mtu anayetaka kuujaribu nyumbani kwake, awe Tabata kama mimi, au Mbagala, au Kimara, awe na jiko la gesi au la mkaa.

Nianze na mikono. Kuna chakula kinachoidai mikono yako tangu mwanzo hadi mwisho: chapati, bagia, vitumbua, ugali. Kingine kinaitaka mwanzoni na mwishoni tu, katikati kinakuachia: maharage, mbaazi, kunde, choroko, dengu, makande, kisamvu, mihogo ya nazi. Angalia vizuri hivi vya pili. Karibu vyote ni vyakula ambavyo watu wa Pwani wamevipika bila nyama miaka nenda miaka rudi, kwa tui, kitunguu na chumvi. Anayedhani kuacha nyama ni lazima anunue vitu vya maboksi kwenye supamaketi za Masaki atamaliza pesa na atachoka kabla mwezi haujaisha. Gengeni kwako pana karibu kila kitu, na dukani kwa Mangi pana kilichobaki.

Kwa hiyo unapopanga chakula cha wiki, usipange kwa ladha peke yake. Jiulize: sufuria hii itaniachia dakika ngapi?

Kazi inaanza alfajiri

Jioni ya kusoma huandaliwa asubuhi, unapobandika chai. Chambua maharage, toa vijiwe na punje zilizotobolewa, yaoshe, kisha yaloweke kwenye maji yanayoyazidi mara tatu, maana yatavimba. Weka bakuli sakafuni kwenye kivuli, mahali penye ubaridi, kwa sababu joto la Dar linachachusha haraka. Ukiloweka saa kumi na mbili asubuhi na ukarudi saa kumi na mbili jioni, ni saa 12, zinatosha kabisa. Usiyaloweke tangu usiku wa jana ukaja kuyapika jioni ya leo, utakuta yameanza kutoa povu na harufu. Kama ndivyo ratiba yako ilivyo, basi yatie kwenye friji.

Si kila kitu kinalowekwa. Adesi nyekundu huiva kwa dakika kama 20, bila kulowekwa. Choroko nazo unaweza kuzibandika zikiwa kavu, zikaiva ndani ya saa moja. Mbaazi kavu na dengu zinataka kulowekwa, ila msimu wa mbaazi mbichi ukifika, menya ubandike moja kwa moja. Mama mkwe wangu ni mtu wa Lindi, na mbaazi za kwao akija nazo huwa hataki kabisa nizichanganye na za sokoni. Namwelewa. Mbaazi mpya zina utamu ambao tui halina haja ya kuusaidia sana.

Maharage nunua mapya, hata kama yamezidi bei kidogo. Punje mpya inang'aa na ngozi yake imekaza. Ya zamani imefifia, ina mikunjo, na itachemka mpaka watoto walale. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Akianza kuzungukazunguka, nenda meza ya pili. Mimi napenda aina ya maharage inayoitwa soya njano, yana mchuzi mzito na hayachelewi kuiva. Wengine hutia magadi ili yalainike upesi. Mimi sitii. Magadi huharibu vitamini B1 iliyomo, na yakizidi kidogo tu mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Kulowekwa kunatosha.

Sufuria yenyewe

Haya ni maharage ya nazi ya watu watano, vikombe viwili vya maharage kavu.

Mwaga maji uliyolowekea, suuza, weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vinne. Bandika kwenye moto mkali. Hapa kuna jambo ambalo kila mpishi wa maharage inafaa alijue: maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Kinachoiondoa ni kuchemka kwa nguvu, mapovu yakiruka, kwa angalau dakika 10. Moto mdogo peke yake hauiondoi, hata ukae saa nyingi. Basi zile dakika za mwanzo usikae na kitabu. Simama, engua povu, kata vitunguu, ukune nazi.

Nazi ichague kwa kuitikisa sikioni. Maji yacheze ndani, na yale macho matatu yawe makavu, yasiwe na ukungu. Ukishaivunja, ionje kipande kabla hujaikuna, kwa sababu nazi iliyochacha itaharibu sufuria nzima. Ikune kwenye mbuzi au uisage kwenye brenda na maji ya vuguvugu. Kamua, chuja, hilo ni tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Tia maji tena kwenye machicha, kamua, hilo ni tui la pili, jepesi, ndilo litakalotangulia jikoni. Machicha usiyatupe, yatie kwenye unga wa vitumbua.

Dakika 10 zikishapita, punguza moto, funika sufuria nusu, na ukae. Kukaa kwenyewe kuna namna yake. Usiende sebuleni. Mimi naweka kigoda mlangoni mwa jiko, mgongo kwenye fremu, mahali ambapo taa inanifikia na sufuria naisikia. Maji yakiwa mengi, sauti ya sufuria ni nzito, inatokota kwa mpango. Maji yakishuka mpaka usawa wa maharage, sauti inakuwa nyembamba, ya kupasukapasuka, na mfuniko unaanza kutetemeka haraka haraka. Hapo weka alama kwenye ukurasa, inuka, ongeza maji. Yawe ya moto. Mimi hujaza maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai kabla sijakaa, ili maharage yasipoe katikati. Kwa mtu ambaye akishaingia kwenye hadithi hasikii kitu, aweke kengele ya simu ilie kila baada ya dakika 20, kisha simu yenyewe aiweke juu ya friji, mbali na mkono.

Maharage yaliyolowekwa yataiva kwa saa moja hivi, mara nyingine na nusu. Toa punje, ibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Ikisagika bila kiini kigumu, imeiva. Sasa, na si kabla, ndipo nyanya zinaingia. Nyanya, ndimu na ukwaju vina ukali unaofanya maharage yagome kulainika, kwa hiyo ukiviweka mapema umejiongezea saa nzima. Tia kitunguu, nyanya, hoho, binzari ya manjano kijiko cha chai, kitunguu saumu kilichotwangwa, chumvi, na tui la pili. Yaache yachemke wazi dakika 15 ili mchuzi ushikane. Soma kurasa zako za mwisho hapa, maana kinachofuata kinataka macho.

Mimina tui la kwanza kwa moto mdogo huku ukikoroga. Koroga bila kuacha, polepole, mpaka mvuke wa kwanza uinuke na pembeni paanze kuchezacheza. Tui likichemka kwa nguvu bila kukorogwa linakatika, mafuta yanaelea juu na maji yanabaki chini. Likishachezacheza liache dakika tano tu, kisha epua.

Anayelalamika kwamba mchuzi usio na dagaa unakosa kitu, mwambie arudi kwenye kitunguu. Mboga nyingi za majani na adesi zinapwaya kwa sababu kitunguu kimekaangwa mpaka kimelainika tu. Kikaange mpaka kiwe na rangi ya hudhurungi, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, halafu mwishoni nyunyiza ufuta uliokaangwa na kutwangwa au kamulia ukwaju. Na ukienda maduka ya viungo pale Kisutu, nunua mvuje. Chembe ndogo kwenye mafuta ya moto inaipa adesi harufu ambayo watu watakuuliza umeweka nini.

Sufuria gani, kitabu gani

Mchicha hauna nafasi ya kitabu. Dakika tano umeiva, ukiuacha zaidi unapoteza rangi na utamu. Lakini kabla mafuta hayajapata moto unaweza kusoma shairi moja, na shairi ukilisoma mara mbili umesimama, mwiko mkononi, linakaa kichwani mpaka kesho kwenye daladala. Shaaban Robert nimemjua upya hivyo, beti chache chache, na sasa ninamsoma kwa mapenzi kuliko nilivyomsoma nikiwa na sare ya shule.

Adesi na choroko zinatosha hadithi fupi moja. Wali wa nazi pia: ukishakauka maji, ukaufunika na kuupalia makaa juu ya mfuniko, una dakika 20 ambazo huruhusiwi hata kufunua. Ni dakika bora kuliko zote, kwa sababu kufunua ndiko kunakoharibu wali.

Maharage, mbaazi na kisamvu ni vya riwaya.

Riwaya ya kuanzia iwe na sura fupi, na ihusu kitu ambacho tayari unakijali. Mimi nashinda na makaratasi ya forodha, kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini, na kitabu kilichonirudisha kusoma ni Kuli cha Adam Shafi, kwa sababu kinahusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nilikuwa naona makontena kila siku, na sikuwahi kufikiria mgongo uliobeba magunia kabla ya kreni. Dereva ataanza na kingine, muuguzi na kingine. Tafuta chako.

Na usome kwa raha. Wengi wetu tuliachana na riwaya siku tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu shuleni kila ukurasa ulikuwa na swali nyuma yake: taja dhamira, chambua wahusika, toa mifano mitatu ya tamathali za semi. Jikoni hakuna anayesahihisha. Sura ikikuchosha, iruke. Kitabu kisipokushika baada ya sufuria mbili, kirudishe ulikokitoa, chukua kingine, wala usijisikie vibaya. Ukipenda ukurasa, urudie. Ukitaka kujua mwisho kabla ya wakati, fungua mwisho. Anayekwambia huko si kusoma anakudanganya.

Vitabu vyenyewe vinapatikana kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, milango yake imekuwa wazi tangu 1967, na ukiwa mwanachama unaazima unakwenda navyo nyumbani. Pita siku moja, uliza dawatini utaratibu na ada ya uanachama, kisha nenda kwenye rafu za fasihi ya Kiswahili bila haraka. Mtaa wa Samora una maduka ya vitabu vipya. Halafu kuna wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza pembeni ya barabara kule mjini. Kwa hawa, kagua kabla ya kulipa. Pitisha kidole pembeni uone kama kurasa zimefuatana, angalia hasa karatasi za mwisho, maana ndizo zinazochomoka. Nusa: kitabu chenye ukungu kikiingia kwenye kabati lako kitaambukiza vingine. Bei mnaelewana.

Ofisini tuna utaratibu mdogo wa wanawake wanne. Kila mmoja ananunua kimoja kwa zamu, tunazungusha. Jina linaandikwa kwa penseli ndani ya jalada, na asiyerudisha anakumbushwa mbele ya wenzake wakati wa chai.

Kitabu kisiharibike

Mvuke, mafuta na vidole vyenye nyanya ndivyo maadui. Kabla kitabu hakijaingia jikoni kivishe kava la kaki, kama tulivyokuwa tukifanya madaftari, na ukate kipande cha kaki hiyohiyo kiwe alama ya ukurasa. Kwenye mapaja tandika kanga ya zamani ya kujifutia. Unapokata kitu na unataka kuendelea kusoma, egemeza kitabu kwenye kopo la unga, kisha bana kurasa za kushoto na za kulia kwa vibanio vya nguo. Viwili vinatosha, na unafungua kwa kiwiko. Usikiweke upande wa jiko ambako mafuta yanaruka. Cha maktaba hata mezani pa kukatia kisikae, kikae mkononi kwenye kigoda tu, kwa sababu kuna mwingine anakisubiri.

Simu pia inasomeka, na kwa anayesafiri mbali na daladala ni nzuri sana. Jikoni siitumii kwa sababu ujumbe unaingia kila saa na sura haimaliziki. Umeme ukikatika, taa ndogo ya sola ikitundikwa kwenye kitasa inatosha. Na kama ni jiko la mkaa, liwe barazani au uani, hata mvua ikinyesha. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala vyumbani, na unaua pia aliyekaa nao akisoma.

Vyakula vya mikono miwili

Chapati zina unga mikononi muda wote, lakini hazikuzuii kusoma ukiwa na mtu wa kukusomea. Kwangu ni mtoto wa kwanza, yuko darasa la tano. Mimi nakanda: unga vikombe vitatu, chumvi, mafuta vijiko vitatu, maji ya moto kidogo kidogo mpaka donge liache kunata. Maziwa hayahitajiki, maji ya moto ndiyo yanayolainisha. Donge linapumzika nusu saa, kisha nasukuma, napaka mafuta, nakunja, nasukuma tena. Yeye anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasoma kwa sauti.

Bibi yake akiwepo anakuwa pale pembeni akimenya mbaazi kwenye ungo. Hasomi, macho hayamruhusu tena, lakini masikio yake hayakosi kitu. Mtoto akibabaika anamwambia, "Rudia hapo, mjukuu wangu, umelikanyaga hilo neno." Akirudia vizuri, ungo unatulia kidogo. Kisha bibi anauliza, "Huyo mwanamke kwao wapi?" na hapo hadithi inasimama, tunajadili, chapati ya kwenye kikaango inageuzwa. Mwezi mmoja wa chapati za Jumapili ulitosha mtoto yule akaacha kusoma kwa kudonoa silabi. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa na watu wanaotaka kujua kitakachofuata.

Bagia ni hivyohivyo. Loweka kunde, zisugue maganda yatoke, zisage kwa maji machache iwezekanavyo, tia kitunguu saumu, pilipili, kotimiri na chumvi, piga kwa mwiko mpaka rojo lipate hewa, kaanga. Yai halina kazi humo.

Mwili nao una haki yake

Hapa naomba uzingatie. Asiyekula kabisa vitu vitokanavyo na wanyama hapati vitamini B12 ya kutosha kutoka kwenye mimea, hata ale majani gengeni yote. Upungufu wake unakuja taratibu, unaharibu damu na neva, na neva zikishaumia sana si rahisi kurudi. Nunua vidonge vya B12 kwenye duka la dawa, uliza kipimo, uvitumie bila kukatisha. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye mtoto mdogo azungumze na daktari kabla ya kubadili chakula. Hili si la kujadili na majirani.

Madini ya chuma kwenye maharage na mchicha mwili unayachukua vizuri zaidi ukila pamoja na kitu chenye vitamini C. Kwa hiyo kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu iwepo mezani kila siku, au chungwa baada ya chakula. Chai ya rangi inayazuia, isubiri saa moja.

Karanga na mahindi vichambue kwa macho makali. Punje yenye ukungu, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Karanga za kusagwa nanunua kwa mtu ninayemwona akizisaga, au nasaga mwenyewe.

Kisamvu kibichi kina sumu pia, ya jamii ya sayanaidi, na ndiyo maana bibi zetu walikitwanga na kukichemsha sana. Gengeni kinauzwa kimeshatwangwa. Kichemshe kwenye maji mengi, sufuria ikiwa wazi na dirisha wazi, saa nzima, ndipo utie tui au karanga. Saa nzima hiyo, unajua cha kuifanya.

Nje ya nyumba

Mchana kwa mama ntilie agiza wali, maharage na mchicha, lakini uliza kwa adabu: "Mama, maharage yamewekwa nini?" Wengine wanatia siagi ya kopo au mchuzi wa nyama ili yakolee. Ukishakuwa mteja wa kila siku atakutengea mapema kabla hajaunga. Maandazi mengine yana maziwa, ya tui ni salama. Migahawa ya Kihindi isiyopika nyama iko Kisutu na Upanga, ni mizuri, ila samli na mtindi vimejaa humo, nako uliza. Shughulini pilau ni ya nyama, kwa hiyo kula kidogo nyumbani kabla ya kwenda, kisha chukua kachumbari, ndizi na matunda, usimhangaishe mwenye shughuli. Watu watauliza kama umekuwa Msabato. Jibu kwa upole tu, wengi wanauliza kwa kujali.

Ndani ya nyumba sikumlazimisha mtu. Mume wangu anapenda samaki wake, ana kikaango chake, anajikaangia. Sufuria kubwa ni ya wote, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama leo kuna mbaazi.

Makande ya Jumamosi

Ukiweza sufuria moja ndefu kwa wiki, iwe hii. Usiku wa Ijumaa loweka vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharage, bakuli mbili tofauti. Asubuhi washa mkaa barazani. Mahindi yatangulie, kwa sababu yanachelewa. Yakichemka kama saa moja tia maharage, yachemke kwa nguvu zile dakika 10, kisha tawanya makaa ili moto upungue. Yote pamoja yatachukua saa mbili hadi tatu. Mkaa unajipunguza wenyewe taratibu, kazi yako ni kuongeza maji ya moto na kusogeza makaa mawili matatu.

Kila mtu achukue chake cha kusoma. Mdogo wetu hajui kusoma bado, anapewa kitabu cha picha na anakisimulia anavyotaka. Jirani akipita akaona, mkaribishe, mpe kigoda na kitabu kimoja chenye hadithi fupi. Vyangu viwili vimeondoka kwa njia hiyo, na vilirudi vikiwa na vingine.

Mahindi yakipasuka na maharage yakilainika, tia kitunguu, nyanya, karoti, chumvi, tui la pili, halafu tui zito mwishoni kwa kukoroga, kama nilivyoeleza juu. Yasiwe makavu, mchuzi uonekane. Yanayobaki yapoze na uyaingize kwenye friji siku hiyohiyo, kwa sababu chakula cha nazi hakilali nje katika joto hili. Jumapili asubuhi yapashe na maji robo kikombe, moto mdogo, mpaka yachemke vizuri, ule na pilipili ya kukaanga.